Mbuzi Niliyemchinja kwa Mdomo

Haya, kwa kuwa mmekwisha kuiacha mada ya grupu hili (ilikuwa bei ya mahindi, kama kuna anayekumbuka) na sasa kila mtu anaeleza siku aliyotamani ardhi ipasuke immeze, nami nitaeleza yangu, ingawa mdogo wangu yumo humu ndani na anaijua yote na najua tayari anacheka. Nitaandika Kiswahili ambacho hata ndugu zetu wa Dodoma na Mombasa watakielewa, lakini maneno ya watu nitayaacha kama walivyoyasema, maana nikiyanyoosha hayatakuwa yao tena. Niliaibika mbele ya baba, mama, mjomba wangu, wageni waliokuja naye, na nusu ya kambi ya wafanyakazi ya Panda, na yote yaliletwa na mbuzi ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Nyinyi mliokua na simu mkononi mnadhani kupiga soga na watu msiowajua mmeanzisha ninyi. Likasi, kwetu Kongo, miaka ile ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa kinafungwa, mshahara wa baba unachelewa mpaka tunausahau, na simu za waya zimekufa zote, sisi tulikuwa na foni. Foni ni redio ya kuongelea: sanduku la chuma, betri ya gari, maikrofoni ya kubonyeza, kipaza sauti, na daftari la kuandikia ujumbe. Mtu anakuja anasema nataka kuongea na dada yangu wa Kolwezi, wewe unamwita mwenzako wa Kolwezi, naye anatuma mtu kumwita huyo dada, na saa yao ikifika wanaongea, "à toi" (zamu yako), "bien reçu" (nimepata), huku kila mwenye foni kutoka Kamina mpaka Kapolowe anasikiliza habari za ndoa yao na kutoa maoni. Siri haikuwapo. Mimi nilikuwa opereta wa foni ya mfanyabiashara mmoja, Mama Odile, chumba kidogo kando ya soko la Panda, umri wangu miaka ishirini na mmoja, diploma kabatini na viatu vya kuazima.

Saa kumi na moja jioni wateja wakiisha, sisi vijana wa foni hatukuzima mara moja. Kolwezi alikuwepo Trésor, fundi wa kujisifu. Kamina alikuwepo Bibiche, ambaye sikuwahi kumwona lakini nilikuwa nimekwisha kumpenda kwa sauti (msicheke, nyinyi mnapenda picha). Tuliongea upuuzi mtupu, nani kanyolewa vibaya, nani kaota nini, na mwisho tulicheza mchezo wetu mkubwa, jina lake Menu. Kila mmoja anasema atakula nini jioni hiyo. Sheria zilikuwa mbili: lazima uwe uongo (bongo, kama tunavyosema kwetu), na hakuna kuuliza umetoa wapi. Ukweli ni kwamba sote tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, bukari na lengalenga (ugali na mchicha, kwa ndugu zetu wa mbali), na hata hiyo mara moja si kila siku. Ndiyo maana mchezo ulikuwa mtamu. Kwa robo saa ulikuwa unashiba.

Lakini kabla sijamchinja mbuzi lazima mjue habari ya nusu gunia. Mjomba Kabamba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa anakaa Kapolowe, mkulima, mtu wa maneno machache na yote makali. Bibi yangu, mama yao, alipofariki, baba hakwenda kuzika. Kwetu mkwe asiyefika kwenye kilio cha mama mkwe ni kama amesema huyu mama hakunipa kitu. Baba hakusema hivyo, baba aliogopa tu, kwa sababu kiwandani kulikuwa na uvumi kwamba atakayekosekana juma lile atafutwa kwenye orodha ya wanaogawiwa unga, na nyumbani tulikuwa watoto sita. Alimtuma mama peke yake na nusu gunia la unga. Mjomba akalitazama lile nusu gunia mbele ya watu wote wa kilio, akasema, "Mama yangu hakukuwa nusu," akalirudisha vile vile, limeshonwa. Baba akaapa jina la Kabamba lisitajwe tena nyumbani kwake. Unga tuliula, lakini kwa hasira.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kila Jumapili baada ya misa mama alikuwa anawavizia watu wa Kapolowe kwenye ua wa kanisa, anawauliza habari za kaka yake kwa sauti ya chini, halafu anakimbia kutuwahi njiani kabla baba hajauliza alikuwa wapi.

Sasa, Alhamisi hiyo. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu jana yake. Trésor akaanza: "Kolwezi hapa. Minye leo niko na nguruwe ya kukaanga, na frites, na salade, kiisha nalala. À toi." Bibiche akacheka, kicheko kirefu kile chake, na hicho kicheko hakikuwa changu. Hapo ndipo nilipokosea, maana ningeweza kusema kuku kama siku zote, yakaisha. Nikasema mbuzi. Na mbuzi, mnajua wenyewe, hachinjwi bure, lazima pawe na neno, kwa hiyo nikatafuta neno.

"Likasi hapa. Minye leo sikule, nangojea dimanche, juu dimanche baba anachinja mbuzi, dume, na mucele, na bière casier mbili, na gâteau ya étage tatu. Baba alisema magomvi iishe. Alisema hata Mujomba Kabamba wa Kapolowe akuje akule, juu mutu mwenye uligombana naye, njo yeye wa kupatia maini. À toi."

(Kwa ndugu zetu wa mbali: minye ni mimi, juu ni kwa sababu, njo ni ndiyo, dimanche ni Jumapili, casier ni kreti, na gâteau ya étage tatu ni keki ya ghorofa tatu.) Kwa nini nilimtaja mjomba, sijui. Labda kwa sababu Jumapili iliyotangulia nilimwona mama anakimbia njiani na viatu mkononi. Labda uongo ukishanoga unataka ukweli kidogo, kama chumvi.

Trésor akasema nimemmaliza. Bibiche akasema, "Likasi, unibakishie mukia," na safari hii kicheko kilikuwa changu chote. Halafu ikaingia sauti ya tatu, ngeni, ya polepole, sauti ya mtu anayesoma waraka kanisani: "Kapolowe hapa. Bien reçu. Likasi, rudilia jina ya mujomba."

Tulicheka mpaka Trésor akakohoa. Tulijua opereta wa zamani wa Kapolowe ameacha kazi, nikadhani huyu mpya kajifunza mchezo haraka, mtu mwenye kipaji, nikalirudia jina, tena polepole, herufi kwa herufi.

Huyo mpya aliitwa Sylvain. Alikuwa ametoka seminari, ana siku tatu kwenye kazi, na padri mwenye foni ya Kapolowe alikuwa amemwachia agizo moja tu: jina la mtu wa Kapolowe likitajwa hewani, andika, mpelekee kwa mkono siku hiyo hiyo. Menu hakuwahi kuisikia, na Sylvain alikuwa mtu wa utii.

Jumamosi asubuhi, saa za kazi, nikiwa na wateja watano mbele yangu, akaniita. "Likasi, Kapolowe. Niko na message ya Baba Kabamba kwa shemeki yake. Anasema: nilisikia. Tutakuya dimanche kiisha misa, tutakuwa bantu munane. Anasema tena: aksanti. Alilia kidogo, lakini hiyo alisema nisiseme. À toi."

Nikashika maikrofoni. Ningeweza kusema, ndugu yangu, ule ulikuwa mchezo. Maneno matano. Lakini Kolwezi walikuwa wanasikia, Kamina walikuwa wanasikia, na mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Baba yako ni mutu muzima kabisa, wengine hawawezi." Mdomo wangu ukasema, "Bien reçu."

Nilikwenda nyumbani nimeamua kumwambia mama yote. Nilimkuta anachambua lengalenga. Nikaona nianze na sehemu nzuri ili ile mbaya ipate mahali pa kukalia, nikasema, "Mama, Mujomba Kabamba anakuya kesho." Mikono yake ikasimama. "Nani alimuita?" Nikatazama ukuta. "Baba." Mama akaweka sufuria chini, akajifunika uso kwa kitenge, akalia, na mimi nikakosa njia ya kurudi. Alipomaliza akajipangusa, akanishika mkono. "Usimuambie kama najua. Banaume bakifanya muzuri, ukibaambia banaona haya, banaacha." Kisha akaenda kwa jirani kuazima unga, anaimba.

Kwa hiyo mnaona hesabu yangu ilivyosimama. Mjomba anadhani kaitwa. Mama anadhani baba ndiye aliyeita. Baba hajui lolote. Na mtu pekee mwenye kujua yote, asubuhi ya Jumapili, alikuwa kapiga magoti kanisani anamwomba Mungu lori litoboke tairi (tairi tu, watu wasiumie).

Lori halikutoboka. Lilikuwa lori la makala (makaa), na wageni walikuwa wamekaa juu ya magunia na mashati yao meupe ya misa, kwa hiyo walishuka weupe mbele na weusi nyuma, mjomba katikati yao amevaa koti, kaka zake wadogo, mkewe Mama Véro, wote wanane kama ilivyoandikwa. Baba alikuwa amekaa uani na fulana tu, anapigilia soli ya kiatu, misumari imejaa mdomoni. Akamwona mjomba. Hakuweza kusema kitu, na mjomba (aliniambia baadaye) alidhani ni uchungu wa moyo.

Baba akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja. "Kabamba," akasema. Jina alilolikataza mwenyewe. "Ulifanya muzuri kukuya."

"Hapana, ni weye njo ulifanya muzuri," akasema mjomba.

Wakashikana mikono na hawakuachiana haraka. Mama alikuwa mlangoni. Baba alidhani shemeji yake kaja kuomba msamaha, shemeji yake alidhani ameombwa, na duniani kote ni mimi tu niliyejua kwamba hakuna aliyemwomba mwenzake kitu. Wakaanza kuongea habari za mvua. Wakacheka mara moja. Kwa nusu saa nzima niliamini itapita, na nikaanza hata kujiona mtu wa maana, mpatanishi.

Majirani nao wakaanza kusogea kwenye uzio, kwa sababu miaka ile wageni wa koti maana yake ilikuwa nyama.

Mama akaleta chakula: bukari, lengalenga, na ndakala (dagaa) wachache ambao angeweza kuwataja kila mmoja kwa jina. Wageni wakanawa, wakaanza kula kwa ncha za vidole, kitonge kidogo, wanapumzika, wanatazama jikoni. Baba akaona haya. "Mukule," akasema, "njo ile iko."

"Tunakula pole pole," Mama Véro akamjibu kwa adabu. "Tunaacha fasi."

"Fasi ya nini?"

Mjomba akatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kawaida usoni mwake. "Ya mbuzi, shemeki."

"Mbuzi gani?"

Nikasimama kwenda kuchota maji. "Maji iko," akasema mama, bila kunitazama. Nikakaa.

Mjomba akatoa kwenye koti karatasi iliyokunjwa mara nne na miwani yenye mkono mmoja, akaivaa kwa kuishikilia, akaanza kusoma kwa sauti, na jamani, Sylvain alikuwa ameandika kila kitu. "Kolwezi anasema iko na nguruwe ya kukaanga, frites, na salade, kiisha analala. Banacheka. Likasi anasema hakule leo, anangojea dimanche. Baba yake anachinja mbuzi, dume. Na mucele. Na bière casier mbili. Na gâteau ya étage tatu." Kwenye étage ya tatu mtu mmoja akaangua kicheko kule kwenye uzio, akafuata wa pili, na mjomba alipofika kwenye "Kamina anaomba mukia, banacheka tena," kambi nzima ilikuwa inacheka, mafundi, wake zao, hata Mama Odile mwenye foni, ambaye sijui alifikaje pale, alikuwa anajipangusa machozi. Mdogo wangu, huyu huyu aliyemo humu, akahamisha kiti chake mbali nami. Nilitamani nirudi tumboni mwa mama, lakini mama naye alikuwa amenikazia macho, na pale ndani nisingepokelewa.

Mjomba hakucheka. Alisubiri kelele ipungue, akavua miwani.

"Minye si mutoto," akasema. "Mbuzi, nilisema labda. Bière, nilisema hmm. Nilifika ku gâteau, nikajua kuko bongo mingi ndani. Lakini hapa fasi moja kuliandikwa, baba alisema magomvi iishe. Nikasema, hii mutoto hawezi kutunga, hii ni neno ya mutu mukubwa. Njo ile ilinipandisha mu kamio, hapana mbuzi." Akaikunja karatasi, akamgeukia baba. "Shemeki. Ile neno ni yako, ao si yako?"

Baba akisema si yangu, watu wanane watanyanyuka na koti lao lenye makala, watapanda lori, na mama hatamwona tena kaka yake mpaka mmoja wao azikwe. Kila mtu aliyekuwa pale alilijua hilo. Na baba yangu hakuwa mtu wa uongo, huyu ni mtu aliyewahi kurudi kwa miguu mpaka Kakontwe kurudisha nyundo aliyoibeba kwa kusahau. Akanitazama muda mrefu. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, ni yangu yote, msimuulize.

"Nyamaza," akaniambia.

Kisha akamwambia mjomba, "Mbuzi ni bongo ya mutoto. Bière ni bongo. Gâteau ya étage, hata sijui inasimama namna gani. Lakini ile neno ingine ni yangu. Ilichelewa tu."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu. Akanyoosha mkono, akakata bukari, safari hii donge la mtu mwenye njaa, akachovya kwenye lengalenga. "Basi tukule," akasema, "mboga inapoa." Wakala wote mpaka sufuria ikalia. Mimi sikupata kitu na sikudai.

Hukumu yangu ilitolewa pale pale, kwa sababu mjomba ana haki juu ya mwipwa wake na hakuna wa kukata rufaa. "Mbuzi yangu nitaikula," akasema, "itakuwa na miguu mbili na jembe." Nikalima Kapolowe majuma manne ya mwanzo wa mvua. Sylvain alikuja shambani siku ya kwanza, kanyoosha shati, akaniuliza kwa moyo safi, kama mdogo kwa kaka yake mkubwa, "Yaya, minye nilikosa fasi gani?" Nikasimama na jembe langu natafuta, na mpaka leo natafuta.

Niliporudi Panda nilikuta jina jipya linaningojea: Gâteau. Kuna watu kule hawajui jina langu lingine. Niliapa, na kiapo hicho sijakivunja, kwamba sitachinja tena hata kuku kwa mdomo, ndiyo maana mkiniuliza humu ndani leo nimekula nini nasema ukweli hata kama unawachosha, kwa sababu sijui ni nani kati yenu anaandika.

Jioni ya kwanza nilipowasha foni, Trésor akaita, "Likasi, menu?" Nikabonyeza. "Bukari na lengalenga. À toi." Bibiche akasema taratibu, "Likasi, sheria ni uongo." Nikamwambia uongo umekwisha Likasi, tunangojea mwingine. Na hapo ikaingia sauti ile ya waraka: "Kapolowe, bien reçu."

Nikapiga kelele, "Sylvain, usiandike."

Aliandika. Siku mbili baadaye muuza makala mmoja kutoka Kapolowe alisimamisha baiskeli yake mbele ya nyumba yetu, akashusha gunia la unga, nusu, limeshonwa, halina barua. Baba akalizunguka. Alikuwa na haki ya kulirudisha vile vile, na sote sita tulisimama tukimtazama, na mama akajifanya anafagia. Baba akamwomba mama kisu, akakata uzi. Safari hii tuliula bila hasira.